Jinsi ya kuitafuta tamthilia uliyoiona utotoni mpaka uipate

Swali ni lilelile kila wiki, linabadilisha nguo tu. "Kuna tamthilia ilikuwa inaonyeshwa zamani, dada maskini anampenda mtoto wa tajiri, mama wa kijana hamtaki, unaikumbuka inaitwaje?" Ndugu yangu, hapo umenitajia nusu ya tamthilia zote zilizowahi kutengenezwa. Nusu ya pili ni zile za pacha mwema na pacha mwovu.

Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo hatua zote naziweka hapa. Nilizijua kwa kuhangaika mwenyewe karibu miezi minne nikitafuta tamthilia niliyoiona nikiwa darasa la tano, Tanga, kwa jirani, nimekaa kwenye mkeka na miguu nimeiosha kwa amri. Ningeanza na hatua ya kwanza badala ya kukimbilia simu, kazi ingeisha kwa jioni mbili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Siyo simu, sababu utaiona hapo chini.
- Mtu mmoja au wawili mlioitazama pamoja. Dada, binamu, shangazi, hata yule jirani mwenye TV kama bado yupo.
- Simu na bando la kutosha. Kutafuta hakuli MB nyingi, kutazama ndiko kunakokula.
- Kama tamthilia ni ya hapa nyumbani, ulizia kama kuna mtu kwenye ukoo mwenye sanduku la kanda za VHS. Usizicheze bado. Hatua ya 8 inahusu hizo.

Jina la tamthilia si lazima ulijue. Wengi wanaokuja na jina huchelewa kuliko wasio nalo, kwa sababu jina wanalolijua si lile ililozaliwa nalo.

Hatua ya 1: Andika kwanza, tafuta baadaye

Usiguse simu. Watu wote wanairuka hatua hii na ndiyo inayowaponza. Ukishaona picha moja mtandaoni, inaingia kichwani na kukaa kana kwamba ilikuwepo tangu utoto. Mimi nilianza kwa kupekua picha za waigizaji wa Meksiko. Baada ya saa moja nilikuwa tayari kuapa kwamba steringi alikuwa na masharubu. Hakuwa nayo.

Chukua ukurasa, ugawe mara tatu: "Nina hakika", "Nadhani", "Nimeambiwa". Wangu ulikuwa hivi.

Nina hakika: msichana anaitwa Ina, mvulana anaitwa Angelo. Kuna mama aliyekuwa mfanyakazi wa ndani, akatimuliwa ana mimba, akarudi miaka mingi baadaye akiwa tajiri kulipiza kisasi. Wanaongea Kiingereza ambacho hakiendani na midomo.

Nadhani: ni ya Meksiko. Inaitwa The Promise.

Nimeambiwa: kwamba mwigizaji wa Ina alikufa kwa ajali ya gari mara tu tamthilia ilipoisha. Uvumi wa namna hii nimeusikia kuhusu karibu kila tamthilia ya utoto wangu, kwa hiyo hata wewe ukiwa nao, uweke kwenye safu ya tatu na uuache hukohuko. Dada wa watu yuko hai.

Halafu andika vya pembeni, vile unavyodhani havina maana. Mlikuwa mnakaa nyumba gani? Kilitangulia kipindi gani? Nani alikuwa analia? Mimi niliandika kwamba TV ilikuwa chogo la inchi 14 ndani ya kabati la mbao lenye milango, funguo anakaa nayo mama jirani. Antena ilikuwa juu ya mwanzi nyuma ya choo, na mtoto wake mkubwa ndiye aliyekuwa anaizungusha huku sisi tunapiga kelele dirishani: "Chenga! Chenga bado! Hapo! Umeshaharibu!" Niliandika pia kwamba wakati wa matangazo nilikuwa natumwa dukani kununua vocha ya kukwangua. Hiyo vocha na ule mwanzi vilinisaidia kuliko jina la tamthilia, kama utakavyoona sasa hivi.

Hatua ya 2: Funga mwaka

Huna haja ya mwaka kamili. Unahitaji uzio: si kabla ya hapa, si baada ya hapa.

Anza na historia ya TV yenyewe. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Kenya tangu 1962. Tanzania Bara tulikaa bila kituo chochote mpaka 1994. Kwa hiyo mtu wa Bara anayeniambia aliiona "ITV mwaka 1990" kuna kitu amechanganya, au alikuwa mtu wa mwambao ambaye antena yao ilikuwa inanasa TVZ, televisheni ya Zanzibar. Televisheni ya Taifa ilikuja mwaka 2000. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, king'amuzi kikaingia. Kama kumbukumbu yako ina antena na chenga, karibu kwa hakika uko kabla ya hapo.

Kisha tumia maisha yako. Ulikuwa darasa la ngapi? Ilikuwa kabla au baada ya vuvuzela za Kombe la Dunia la 2010? Mdogo wako alikuwa amezaliwa? Vocha ilinionyesha kwamba tulikuwa tayari kwenye zama za simu za mkononi, na mwanzi ukanionyesha kwamba king'amuzi hakijafika. Nikaongeza darasa la tano, uzio ukawa wa miaka miwili.

Angalizo, na hapa wengi wanaanguka: mwaka ulioitazama si mwaka iliotengenezwa. Tamthilia za nje zilikuwa zinatufikia zimechelewa, nyingine miaka mitano, nyingine kumi. Ukishapata uzio wako, urudishe nyuma. Kama uliiona 2007, tafuta kuanzia 1995.

Hatua ya 3: Jua ilitoka nchi gani

Kosa namba moja la Waswahili wote ni kuamini kwamba kila tamthilia yenye akina Eduardo na Claudia ni ya Meksiko. Mimi nilipoteza miezi mitatu Meksiko. Tamthilia yangu ilikuwa ya Ufilipino. Hispania iliitawala Ufilipino kuanzia 1565 hadi 1898, ikawaachia majina, ndiyo maana ukisikiliza majina peke yake huwezi kuzitofautisha nchi hizi.

Usisikilize majina, tazama mazingira. Kama kwenye meza ya chakula kuna wali kila siku na barabarani yanapita magari marefu ya abiria yaliyochorwa rangi kama daladala za zamani, hapo ni Ufilipino. Kama majina ni ya akina Preta na Paco, na binti mweusi ndiye steringi, kuna uwezekano mkubwa ni Shades of Sin ya Brazili, ya mwaka 2004, na hao wanaongea Kireno, siyo Kihispania. Kama mtu anaanza sentensi kwa lugha moja na kuimaliza kwa nyingine huku maandishi yanapita chini, hiyo ni Afrika Kusini. Na kama kulikuwa na mgodi ndani yake, basi ni Isidingo, iliyoanza 1998 na kufungwa 2020.

Na kama Wachina walikuwa wanaongea Kiswahili fasaha, hukuota. Ni Mao Doudou na Mama Wakwe Zake, TBC, mwaka 2011. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni watu wazima, nao wameanza kuniuliza.

Hatua ya 4: Uliza watu, lakini usiwalishe majibu

Usimuulize mtu "Unaikumbuka The Promise?" Atasema ndiyo hata kama haikumbuki, halafu atakurudishia hayohayo uliyomlisha. Muulize alichokiona yeye, kisha nyamaza. Waulize mmoja mmoja. Ukiuliza kwenye kundi la familia la WhatsApp, wa kwanza kujibu ndiye anayewapangia wengine wote kumbukumbu.

Nilimpigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, habari za huko?"

"Nzuri. Shangazi, ile tamthilia tuliyokuwa tunaifuata kwa jirani, wewe unakumbuka nini?"

Akacheka. "Ile ya wanawake wawili wanaochapana makofi? Nakumbuka yule mwenye jina la umeme."

"Jina la umeme?"

"Si alikuwa anaitwa Pawa. Amo Pawa. Tulikuwa tunasema huyu TANESCO."

Miezi minne, na jibu lilikuwa kwa shangazi muda wote. Mimi mtoto nilikuwa namwangalia Ina na Angelo. Watu wazima walikuwa wanawaangalia kina mama wenzao. Kwa hiyo tafuta shahidi wa umri tofauti na wako: yeye alikuwa anaangalia kona nyingine ya kioo kilekile.

Usidharau pia wimbo. Mwambie auimbe ule wa mwanzoni, mrekodi kwa simu. Maneno atakuwa ameyaharibu, lakini sauti mara nyingi inabaki sawa.

Hatua ya 5: Sasa shika simu

Tafuta kwa jina la mhusika, siyo jina la tamthilia. Ukiandika The Promise, utaletewa sinema ya 2016 kuhusu Waarmenia, nyimbo, riwaya na mahubiri. Nilipoandika "Amor Powers" ndani ya alama za kunukuu, jibu la kwanza kabisa ndilo lilikuwa lenyewe: Pangako Sa 'Yo, ya ABS-CBN ya Ufilipino, 2000 hadi 2002. Ina anaandikwa Yna. Jina la tamthilia maana yake ni "ahadi kwako", na huku kwetu ikauzwa kama The Promise.

Mambo ya kuzingatia hapa ni machache.

Andika jina kwa namna zote linavyoweza kusikika. Kwa Kihispania herufi J inatamkwa kama H yetu, kwa hiyo Huan uliyemsikia anaandikwa Juan na Hose ni José. Ukisikia "Serinsa", jaribu Cerinza. Ukisikia Ina, jaribu Yna, Ena, Inna.

Jina la mtu mmoja halitoshi. Unganisha mawili na tendo moja: fulani, fulani, na kilichotokea. Tendo liwe la ajabu kidogo. "Anampenda maskini" halisaidii. "Mzee tajiri anakufa, roho yake inaingia kwenye mwili wa kijana" linakupeleka moja kwa moja kwa El cuerpo del deseo ya 2005, ambayo wengi wetu tuliijua kama Second Chance.

Ukishapata jina la asili, acha kabisa kutumia la Kiingereza. Fungua ukurasa wake wa Wikipedia wa lugha ya asili, maana wa Kiingereza mara nyingi una mistari mitatu. Simu itakutafsiria. Unachotaka pale ni orodha ya waigizaji na mwaka.

Kama una wimbo tu, programu ya kutafutia ya Google ina sehemu ya kutafuta wimbo kwa kuuimba kwa pua. Shika sekunde kumi na tano hivi, bila maneno.

Hatua ya 6: Hakikisha siyo marudio

Ukiipata, usishangilie bado. Hadithi hizi zinarudiwa kama vitenge: ua lilelile, rangi nyingine. Pangako Sa 'Yo ilitengenezwa upya mwaka 2015, na ukitafuta unaweza kuletewa hiyo mpya kwanza kwa sababu picha zake ni safi. Binamu yangu alitazama sehemu sita za ile ya 2015 akilalamika kwamba Angelo amebadilika sura. Amebadilika kweli, ni mtu mwingine! Wa zamani ni Jericho Rosales, na Yna wake ni Kristine Hermosa. Amor Powers wa shangazi ni Eula Valdez.

Zipo zenye ukoo mrefu zaidi. No One But You, ile ya Raquel anayeolewa na mwanamume anayetumia jina la mwenzake, halafu mwenye jina anadhaniwa amekufa kwenye ajali ya ndege kumbe yuko hai, anarudi nyumbani na kukuta ana mke asiyemjua: hiyo ni Tú o nadie ya 1985. Mwaka 1995 ikarudiwa ikaitwa Acapulco, cuerpo y alma. Mwaka 2009 ikarudiwa tena ikaitwa Sortilegio. Mtu aliyeziona mbili kati ya hizo akiwa mdogo atakuwa na tamthilia moja kichwani yenye nyuso mbilimbili, na atabishana na nduguye mpaka kesho, na wote wawili wako sawa. The Rich Also Cry ya 1979 nayo ndiyo mama wa María la del barrio ya 1995. Hata hiyo Second Chance ilitanguliwa na ya Kolombia ya 1992.

Kwa hiyo kagua vitu vitatu: mwaka wa kutengenezwa uwe kabla ya uzio wako, uso wa mhusika uwe uleule, na tukio moja kutoka safu ya "Nina hakika" ulikute kwa macho yako. Viwili havitoshi.

Hatua ya 7: Pa kuitazama

Anza na wenye kazi. ABS-CBN, Televisa ya Meksiko na wengine wana chaneli zao YouTube ambako huwa wanaweka kazi za zamani, nyingine nzima, nyingine vipande tu. Itambue chaneli halisi kwa alama ya uthibitisho na idadi ya wafuasi.

Jiandae kwa jambo moja litakalokuuma: sauti. Ile uliyoizoea, ya Kiingereza cha kuingizwa, mara nyingi haipo. Iliyopo ni ya lugha ya asili. Mara ya kwanza nilipomsikia Amor Powers akiongea Kifilipino nilihisi kama nimepigiwa simu na mtu wa ukoo anayejifanya mgeni. Washa maandishi ya tafsiri kama yapo, vumilia sehemu mbili tatu, masikio yatazoea.

Usidanganyike na haya: video iliyogeuzwa, maandishi ya ukutani yanasomeka kinyumenyume na watu wote wanatumia mkono wa kushoto, sauti iliyokazwa mpaka kila mtu anaongea kama kifaranga, picha iliyobanwa ndani ya fremu ndogo. Hizo zimepandishwa na watu wanaokwepa kukamatwa na mwenye haki, na siku yoyote zinafutwa ukiwa katikati ya hadithi. Wala usipakue programu unayotumiwa kwa kiungo eti "ina tamthilia zote za zamani", na usitume hela kwanza kwa mtu anayedai anazo kwenye flash. Mimi nilituma. Flash ilikuja na sehemu nne za kwanza zimerudiwa mara kumi kwa majina tofauti.

Kuhusu bando: weka ubora wa chini. Tamthilia ya wakati ule ilirekodiwa kwa ajili ya TV za chogo, ukiikuza hadi ubora wa juu unaona mchanga tu, na MB zimekwisha.

Hatua ya 8: Kama ni ya hapa nyumbani

Hapa kazi inageuka. Ya Meksiko ina mwenye kazi mkubwa anayetunza mikanda yake. Michezo ya kundi la maigizo la Kaole iliyokuwa inaonyeshwa ITV, ile iliyotutolea akina Kanumba, Ray na Johari, ni habari nyingine. Vituo duniani kote vilikuwa na desturi ya kurekodi juu ya kanda za zamani kwa sababu kanda ni ghali. Hata BBC walifuta vipindi vyao vingi vya miaka ya 1960. Kwa hiyo usitafute mchezo mzima. Tafuta kipande.

Njia zinazoleta matunda ni tatu. Kwanza, waigizaji wenyewe: wengi wana kurasa, na huwa wanatundika vipande vya zamani hasa siku za kumbukumbu. Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, na kila mwaka inapofika tarehe hiyo vinafufuka vitu ambavyo hujaviona tangu utoto. Weka alama kwenye kalenda, na ukiona kipande, kihifadhi papo hapo. Pili, magazeti. Yalikuwa yanachapa ratiba ya vipindi vya TV, na magazeti ya zamani yanatunzwa Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Ukienda na uzio wako wa miaka miwili, utapata jina la mchezo na siku yake. Ukienda bila uzio, utakaa mpaka wafunge.

Tatu ni kanda za nyumbani. Kuna watu walikuwa wanarekodi kwa deki kila wiki. Ukiipata kanda kama hiyo, tafadhali usiitumbukize kwenye deki kwa pupa. Ifungue kile kifuniko cha mbele, uitazame mwangani. Ukiona unga mweupe kando ya mkanda, huo ni ukungu, na kwa unyevu wa pwani ni jambo la kawaida. Kanda yenye ukungu itachafua kichwa cha deki, na deki hiyo itaharibu kanda inayofuata. Mpe fundi anayejua kuzisafisha, na uulize mapema amewahi kusafisha ngapi. Wa kwangu alisema "hii ndogo", akaitumbukiza hivyohivyo, ikatafunwa. Nilirudishiwa mkanda ndani ya mfuko wa rambo, umekunjamana kama tambi.

Kama kanda ni safi, fanya hivi:

1. Iache chumbani siku nzima kama imetoka mahali pa baridi au penye unyevu.
2. Ipeleke mbele mpaka mwisho, kisha irudishe, mara moja, ili mkanda ukae sawa.
3. Unganisha deki na kompyuta kwa zile waya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, kupitia kifaa cha USB cha kunakilia video.
4. Cheza na kurekodi kwa pamoja. Hakuna mkato: kanda ya saa tatu inachukua saa tatu.
5. Vunja kile kidude cha plastiki cha mgongoni mwa kanda kabla ya yote, mtu asije akarekodi harusi juu yake.

Ndiyo, namba 5 ilitakiwa iwe ya kwanza. Nimeiacha mwisho ili uikumbuke.

Ukikwama

*Nimepata jina la mhusika lakini hakuna kitu.* Huenda jina lilibadilishwa kwenye sauti ya kuingizwa. Achana nalo, tumia tukio. Au kama uliiona kwenye banda la video yenye sauti ya msimuliaji kama Lufufu, au ya DJ Afro kwa walio Kenya, basi sehemu ya hadithi uliyonayo kichwani ni ya msimuliaji, haimo kwenye picha. Tafuta kwa mavazi, silaha na nchi.

*Mimi na dada tunakumbuka miisho tofauti.* Rudi hatua ya 6; pengine mliona matoleo mawili. Au umeme ulikatika siku ya mwisho na mmoja wenu akasimuliwa shuleni. Kwetu ilitokea hivyo.

*Sehemu zinaruka, namba haziendani na ninazozikumbuka.* Toleo lililouzwa nje hukatwa upya, sehemu mbili fupi zikaunganishwa au ndefu ikagawanywa. Fuata matukio, usifuate namba.

*Video imefungwa katika nchi yangu.* Subiri, au tafuta kwenye chaneli nyingine ya mwenye kazi yuleyule. Mara nyingi wana zaidi ya moja.

*Nimeipata na ni mbaya.* Hilo halina fundi. Taa ni kali, muziki unapigwa kila mtu akigeuza shingo, na yule mwovu anaongea peke yake kwa sauti ili tusikie mipango yake. Punguza: tazama matukio uliyoyaandika kwenye daftari, acha mengine.

*Ninayemtafutia hataki ya lugha ya asili.* Hili sijalitatua. Nilimpelekea shangazi sehemu ya kwanza kwenye simu, nikamshikia kabisa mpaka Amor akatokea. Akaangalia dakika kama tano, akanirudishia. "Ndiye yeye," akasema, "lakini mwambie aongee ile lugha yake."

"Hii ndiyo lugha yake, shangazi."

"Hapana bwana. Yule alikuwa anaongea Kiingereza, na nilikuwa namwelewa."

Shangazi hajui Kiingereza. Kama kuna mtu ana sehemu zenye sauti ile ya Kiingereza, hata kumi tu, kwenye kanda, kwenye CD, kwenye chochote, naziomba.